Trimu inapanda lakini haishuki: ninunue mota mpya?

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni nahodha hapa Nansio, Ukerewe. Boti yetu ni ya futi 23, injini hp 115 ya mipigo minne. Tunapeleka abiria na mizigo Irugwa na Ukara, siku nyingine tunavuka mpaka Mwanza mjini. Tuliinunua Dar es Salaam ikiwa imetumika, ikaletwa kwa lori. Trimu, yaani mtambo wa kupandisha na kushusha injini, inapanda vizuri, ila nikibonyeza kushusha inasema 'tik' basi. Nikigonga boksi la rilei mara mbili tatu, inashuka. Wiki iliyopita tulikwama mwaloni saa nzima injini ikiwa juu, abiria wanatutazama. Fundi mmoja ameniambia ninunue mota nzima ya trimu. Halafu tangu ije huku boti inachelewa kupanda juu ya maji, omo (mbele ya boti) linabaki angani hata nikiwa nimeshusha trimu yote. Je, ninunue mota? Na nibebe spea gani za umeme nisikwame tena?"

Marahaba mdogo wangu. Hela ya mota irudishe mfukoni kwanza.

Mota inayopandisha injini yako ndiyo hiyohiyo inayoishusha, hakuna nyingine mle ndani. Umeme ukiingia kwa waya mmoja inazunguka upande huu, pampu inasukuma mafuta na injini inapanda. Ukigeuzwa ukaingia kwa waya wa pili, mota inazunguka upande wa pili na injini inashuka. Injini ya hp 115 ina uzito wa kilo 170 na ushee, na kuinyanyua ndiyo kazi ngumu. Mota iliyobeba gunia kupanda ngazi haiwezi kushindwa kushuka nalo. Kwa hiyo brashi zake ni nzima, betri inatoa nguvu ya kutosha, waya mnene wa chanya umeshika, na zile nyaya mbili zinazoingia kwenye mota zimeshika pia, maana zote mbili hutumika kila safari, kupanda na kushuka. Kwa maneno yako tu, kabla ya kufungua skrubu hata moja, umeshaondoa robo tatu ya washukiwa.

Sasa hiyo "tik". Ni sauti ya rilei, na rilei ni swichi inayovutwa na sumaku. Unapobonyeza kitufe, umeme mdogo unapita kwenye waya mwembamba, unaamsha sumaku, sumaku inavuta kijimkono, kijimkono kinaunganisha umeme mkubwa wa mota. Ukisikia tik, basi kitufe kimefanya kazi yake, waya mwembamba umefika, fyuzi yake ipo. Tatizo liko pale kijimkono kinapogusa. Na ukigonga inashuka! Hapo umenimalizia. Vigusio vimeungua, vimeota weusi, ukivitikisa vinapata sehemu ndogo iliyo safi.

Ila rilei ziko mbili, ya kupandisha na ya kushusha, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoteleza. Zikiwa zimelala, zote mbili zinaunganisha nyaya za mota na hasi. Ukibonyeza kushusha, rilei ya kushusha inaruka kwenda chanya, na ile ya kupandisha inabaki imelala, kazi yake ikiwa kurudisha umeme kwenye hasi. Maana yake, boti inayokataa kushuka inaweza kuwa na ugonjwa kwenye rilei ya *kupandisha*, upande wake wa kulala. Nimewahi kuona mtu amebadilisha rilei ya kushusha mara mbili, mpya kabisa, na injini bado inaning'inia juu.

Usibahatishe, kuandikia mate na wino upo ni kupoteza muda. Chukua mita, iweke kwenye volti 20 za DC. Ncha nyeusi ishike kwenye hasi ya betri. Ncha nyekundu iguse waya wa kushusha pale unapotoka kwenye rilei kwenda kwenye mota. Kwa Yamaha nyingi huo ni wa kijani hafifu, na wa kupandisha ni bluu ya anga. Mercury nao hutumia bluu kwa kupanda na kijani kwa kushuka. Mwambie mtu abonyeze kushusha. Mita ikisoma sifuri au volti mbili tatu zinazocheza, rilei ya kushusha ndiyo imeungua. Ikisoma 12 au karibu na hapo, usiachie kitufe. Hamisha ncha nyekundu kwenye waya wa bluu. Hapo inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma 12 na huku pia, umeme umepita ndani ya mota ukafika upande wa pili ukakosa njia ya kutokea, na mwenye kosa ni rilei ya kupandisha. Vipimo viwili, dakika tano.

Mwenye injini isiyotoa hata tik anafuata njia nyingine. Injini nyingi za ukubwa huo zina kitufe cha pili cha trimu ubavuni mwa kifuniko, chini. Hicho kikishusha na cha kwenye mkono wa gia kisishushe, tafuta waya uliokatika pale unapoingia kwenye mkono, maana unapindwa kila ukivuta na kusukuma gia. Ngozi ya waya inaonekana nzima kumbe ndani shaba imeachana.

Kuhusu kukwama, ulikuwa na njia mbili za kutoka mwaloni siku ile bila spea yoyote.

Ya kwanza ni ya umeme, na najua wengi hawajawahi kuifikiria. Kupandisha kwako kunafanya kazi. Basi ondoa hasi ya betri, chomoa zile nyaya mbili za mota pale zinapoungana na za rilei, zibadilishe: bluu iende kwa kijani, kijani kwa bluu. Funga tepu, rudisha hasi. Bonyeza *kupandisha*. Injini itashuka, kwa sababu unatumia vigusio vile vilivyo vizima kuizungusha mota upande wa pili. Andika kwenye karatasi uibandike kwenye usukani, la sivyo kesho msaidizi wako atabonyeza kupandisha akifika kwenye kina kifupi na kuizika propela mchangani.

Ya pili ni bisibisi. Kwenye mkono unaoshikilia injini nyuma ya boti, kwa pembeni, kuna tundu na ndani yake skrubu kubwa bapa. Hiyo ni valvu ya mkono. Ukiilegeza kinyume cha saa, mafuta yanapita huru na injini inashuka au kunyanyuliwa kwa mikono. Hakikisha hakuna mkono wala mguu wa mtu chini, ufungue polepole, na uondoe kwanza ile pini ya kuegemeza injini ikiwa juu. Injini ikishafika chini, kaza tena. Wengi husahau, halafu wakiweka rivasi kukaribia gati injini inaruka juu kama imepigwa teke, kwa sababu hakuna kitu kinachoizuia. Ifungue na kuifunga sasa hivi ukiwa nchi kavu, hasa kwa injini iliyotoka pwani, uone kama inalegea. Skrubu iliyoganda kwa chumvi haifunguki ghafla siku ya shida.

Na hiyo chumvi ndiyo inanitia wasiwasi kuliko rilei. Maji ya ziwa letu ni baridi, hayana chumvi, ndiyo maana mafundi wa Kirumba hapa Mwanza tunadekezwa. Waya unaweza kukaa miaka bila kulalamika. Boti ya Dar es Salaam imekuja na bahari ndani ya nyaya zake. Maji ya chumvi huingia kwenye ncha ya waya na kupanda ndani ya ngozi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Kwa nje waya ni mwekundu, mzuri. Mwaka huu nilichana waya wa hasi wa boti iliyotoka huko. Nilitegemea shaba, nikakuta unga mweusi wenye kijani pembeni, nyuzi zinakatika ukizipinda kama vijiti vya njugu. Mita ilikuwa ikisoma volti 12.6 bila mzigo. Mzigo ukiingia, zinabaki saba.

Kwa hiyo fanya hivi siku ya mapumziko. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya chanya ya betri, nyingine kwenye chanya inapoingilia kwenye rilei, kisha bonyeza kupandisha. Mita inakuonyesha volti zinazopotelea njiani. Ikizidi nusu volti, waya au maungio yake yana ugonjwa. Rudia upande wa hasi, kutoka nguzo ya betri hadi kwenye mwili wa injini. Kamba hukatikia pabovu, na hapa unapaona pabovu kabla pajakatika. Ukikuta weusi, kata nyuma mpaka ufikie shaba inayong'aa. Usipoifikia ndani ya shubiri moja, badilisha waya wote, na uchukue ule ambao nyuzi zake zimepakwa bati. Waya wa nyumbani wa uzi mmoja mnene usiuweke kwenye boti hata kama ni wa bure. Mtikisiko utaukata.

Sasa spea. Ninayo kanuni moja, nayo niliipata kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilitoka Igombe jioni na boti ya mteja, nikiwa na sanduku la spea la kujivunia: rilei, swichi, mpaka kompyuta ya injini. Upepo ulipanda, mawimbi yakatupiga kwa saa nzima, kisha trimu ikakata na baadaye selfu, mota ya kuwashia injini, nayo ikasema tik. Nilibadilisha rilei ya kwanza nikiwa nimepiga magoti, tochi mdomoni. Nikabadilisha ya pili. Skrubu moja ikaanguka chini ya sakafu. Mwenye boti, ambaye hajui hata fyuzi, akaweka mkono kwenye betri ajishikilie, akasema, "Fundi, hiki kinacheza." Nati ya mabawa ya kwenye nguzo ya betri ilikuwa imelegea kwa mawimbi. Unaizungusha kwa vidole viwili. Tangu siku hiyo nati za mabawa nazitupa, naweka nati ya kawaida yenye washa ya springi, na ninabeba spana yake. Spea usiyoweza kuifunga ukiwa unarushwa na mawimbi ni mzigo tu.

Kwa hiyo anza na rilei mbili za trimu, zilezile za injini yako, kwa kusoma namba iliyopigwa ubavuni. Kama zako zimeungana kwenye boksi moja, beba boksi moja. Muhimu zaidi: ukinunua, zifunge kwenye injini na utembee nazo siku mbili, kisha zile za zamani zilizo nzima ndizo ziende kwenye sanduku. Feki ni nyingi madukani, na mahali pa kugundua kwamba umeuziwa feki ni gatini Nansio. Katikati ya Ukara na Irugwa utakuwa umechelewa. Fyuzi ubebe za kila ukubwa ulioandikwa kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi, tatu tatu. Ya 20 ikiungua usiweke ya 30 "ili ivumilie", na usiniambie habari za karatasi ya sigara. Fyuzi ikiungua mara mbili, waya unagusa mahali, utafute.

Klipu ya kamba ya kuzimia injini, ile nyekundu, beba ya pili na uifunge mahali ambapo abiria anaweza kuifikia. Nahodha akianguka majini na klipu yake mkononi, waliobaki kwenye boti watawashaje injini wamrudie? Watu wanaikumbuka rilei, hii wanaisahau.

Kisha meta tatu za waya wa milimita za mraba 2.5 na meta moja ya waya mnene wenye vibano, viungio vya kubana na koleo lake, mirija ile inayosinyaa kwa moto, tepu, kipande cha msasa, grisi kidogo ya umeme, mita, tochi ya kichwani. Tochi ya mkononi inakula mkono mmoja na wewe unao miwili. Plagi za injini seti moja. Nati mbili za betri. Vyote kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko wa kukaza, ile ya rangi inafaa sana, pamoja na mfuko wa mchele mkavu unaoubadilisha kila mwezi.

Pampu ya kutoa maji nayo ni ya umeme, kwa hiyo kama bajeti inaruhusu beba ya pili. Isiporuhusu, beba ndoo. Ndoo haina waya.

Usibebe mota ya trimu, kompyuta ya injini, wala mtambo wa kuchaji. Ni ghali, huwezi kuvifunga majini, na hela yake inatosha betri ya pili yenye swichi ya kuchagulia. Kwa boti ya abiria hiyo ndiyo spea kubwa kuliko zote. Ila mwiko: usizungushe swichi hiyo ikapita kwenye "zima" injini ikiwa inaunguruma, utaua daiodi za kuchajia papo hapo. Betri iliyojaa na iliyopumzika husoma 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Injini ikizunguka utarajie kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo huchaji, unakula akiba.

Upande wa mafuta ya trimu nitapita haraka, maana si ugonjwa wako. Siku mota itakapoimba vizuri na injini isisogee, au ukiiacha juu jioni ukaikuta imeshuka asubuhi, hapo ndipo utafute mafuta, sili, au valvu ya mkono iliyolegea. Mafuta hupimwa injini ikiwa juu kabisa na imeegemezwa kwa pini. Ukifungua kifuniko ikiwa chini, mafuta yenye presha yanaweza kukurukia usoni. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Nije kwenye omo linalokaa angani. Hapo trimu yako inasingiziwa. Dar es Salaam boti ilikuwa usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu yake. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu: hp 115 yako huku ni kama 100 na kidogo. Propela iliyochaguliwa kwa nguvu za pwani sasa ni nzito kwake, kama mtu anayeendesha baiskeli ya gia kubwa kupanda mlima wa Bugando. Inachelewa kuisukuma boti juu ya maji, omo linabaki juu, na wewe unabonyeza kushusha wakati imeshafika mwisho.

Pima hivi: mzigo wa kawaida, maji matulivu ya asubuhi, gesi yote, trimu ikiwa imepandishwa kidogo mpaka boti inakimbia vizuri bila propela kuvuta hewa. Soma raundi. Injini nyingi za hp 115 za mipigo minne zinataka zifike kati ya 5,000 na 6,000. Kitabu chako kitasema. Ukiishia 4,700, tafuta propela yenye pichi ndogo, yaani ule umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja. Kila inchi moja ya pichi unayopunguza huongeza raundi 150 hadi 200, kwa hiyo inchi mbili zitakufikisha. Kabla ya kununua, hamisha yale magunia ya dagaa unayoyapanga tezini, nyuma ya boti, kwa sababu ndiko rahisi kupakia. Yasogeze katikati, uone tofauti.

Ukiondoka, trimu iwe chini yote. Omo likishalala, pandisha kidogo kidogo. Boti ikianza kudunda kama punda, umezidisha, rudisha. Mawimbi yakikujia mbele, shusha omo liyakate. Yakikufuata nyuma, linyanyue kidogo lisijichimbie. Kwenye magugu maji usipandishe trimu kiasi cha kuyatoa nje matundu ya maji ya kupoozea. Injini itachemka wakati unajisifu kwamba umeokoa propela.

Ukishapima rilei, niandikie namba mbili: volti za waya wa kijani na za waya wa bluu, zote kidole kikiwa kwenye kitufe cha kushusha. Ongeza ya tatu, raundi kwa gesi yote, pamoja na pichi iliyopigwa muhuri kwenye propela yako. Na yule fundi wa mota mpya usigombane naye. Mwonyeshe tu mita inasoma nini.